Mlezi Mwenye Jambo Lake: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zimemwandama mtu mmoja: yule mzee, shangazi au mkufunzi wa hadithi za ajabu na za sayansi anayemfunza shujaa kazi vizuri kabisa, kisha tunakuja kugundua alikuwa na jambo lake. Tumezifupisha barua, hoja hatukuzigusa.

Kwa nini mwongo ndiye anayekumbukwa?

*Wahariri, habari za kazi. Kwenye kibanda cha video hapa Mbale tunabishana kila mara. Mzee mwema asiye na doa watu humsahau kabla hawajafika barabarani. Yule aliyemdanganya kijana wake ndiye anayezungumzwa wiki nzima. Tatizo ni letu au ni la filamu? — Mtazamaji, Mbale*

Hakuna tatizo. Mlezi mwema kabisa anampa shujaa vitu viwili, ufundi na baraka, na akishatoa hivyo kazi yake imekwisha. Mlezi mwenye siri anaacha na hesabu ambayo haijafungwa. Ufundi aliotoa ni wa kweli: upanga unakata, dawa inaponya, chombo kinaruka. Huwezi kumtupa mzee bila kuutupa na ufundi, na shujaa anauhitaji kesho asubuhi.

Chukueni Star Wars, ambayo hapo kibandani bila shaka mmeiona. Katika filamu ya mwaka 1977, mzee Obi-Wan anamwambia mwanafunzi wake Luke kwamba Darth Vader, adui yao mkuu, alimsaliti baba yake na kumuua. Mwaka 1980 Vader anasema mwenyewe kuwa yeye ndiye baba. Mwaka 1983 mzee, ambaye sasa ni mzuka tu, anajitetea kwamba alichosema kilikuwa kweli, ukikitazama kwa upande fulani. Utetezi huo ni wa kuchekesha kidogo, na umebishaniwa tangu siku hiyo. Lakini angalieni ambacho hakikubadilika: Luke anaendelea kutumia yale yale aliyofunzwa. Kama mzee angemdanganya hata kwenye mafunzo, tungemwita tapeli na kumsahau. Somo lenyewe ni safi. Giza liko kwenye sababu ya kulitoa, na kwenye yale yaliyonyamaziwa.

Ender's Game, riwaya ya Orson Scott Card ya mwaka 1985, inakwenda mbali zaidi. Wakufunzi wanamwambia mtoto kuwa anacheza vita vya mazoezi kwenye mashine, kumbe kila amri anayoitoa inatekelezwa na meli halisi na inaua kiumbe halisi. Hapo uongo ndio mafunzo yenyewe, maana walimchagua kwa sababu ya huruma yake, na mwenye huruma asingetoa amri ile akijua. Mwishoni binadamu wamepona na mtoto ameharibika. Msomaji anatafuta upande wa kukaa kwa raha, haupati.

Kuna wanaolalamika kwamba VJ anayefasiri filamu papo hapo huwadokeza watu mapema kuwa mzee fulani si wa kuaminiwa, na hivyo kuharibu uhondo. Sisi tunamtetea VJ. Ukishajua, unaacha kuuliza "huyu ni nani?" unaanza kuuliza "atamwambia lini?", na swali hilo linaweza kukuweka kwenye benchi saa mbili nzima.

Sura ya mwisho iliyowaudhi wasomaji

*Salaam. Riwaya yangu ina sura 20, maneno kama 42,000. Kijana anafunzwa kuita mvua na mzee aliyemkuta kando ya Nile, karibu na Pakwach. Sura ya 20 inafichuka kwamba mzee huyo ndiye aliyekausha visima vya kijiji cha kijana, zamani. Nilidhani watu watashtuka. Wanne walionisomea walisema nimewahadaa. Nimekosea wapi? — Mwandishi, Arua*

Pawili, ndugu yetu. Siri yako haina nyayo, na imefika wakati kitabu kinafungwa.

Tuanze na nyayo. Msomaji akishafichuliwa jambo hurudi nyuma, kwa kurasa au kwa kumbukumbu, kutafuta alipopitwa. Asipoona kitu anajiona ameonewa. Weka nyayo tatu. Moja itaonekana ya bahati, na zikifika tano atakunusa.

Ya kwanza iende sura ya 3, sentensi moja isiyo na mkazo: mzee anatembea na maji yake kwenye kibuyu na hanywi ya kijana hata akikaribishwa. Usieleze. Izike katikati ya aya, baina ya kuwasha moto na kutandika mkeka. Mwanzo na mwisho wa aya ndipo jicho hutua, huko usiiweke.

Ya pili, sura ya 8, mwachie Kiswahili chenyewe kikufanyie kazi. Kijijini kila mtu anasema visima *vilikauka*. Mzee peke yake, mara moja tu, aseme hivi:

"Mwaka ule visima vilipokaushwa, wewe ulikuwa na umri gani, mwanangu?"

"Sikuwa nimezaliwa, Mzee. Mama ndiye aliyekuwa akichota."

"Pale mkwajuni?"

"Hapo hapo."

Kilichokauka hakina wa kulaumiwa. Kilichokaushwa kina mkaushaji. Tofauti ni herufi chache, na msomaji anayefuata mazungumzo atazipita mbio, ila sura ya siri ikifika zitamrudia masikioni. Na hakuna aliyemtajia mzee mkwaju. Ukiona ni dokezo mbili mahali pamoja, futa mkwaju, usiifute ile -shwa.

Ya tatu, sura ya 12, iwe nzito, nusu ukurasa. Mchuuzi wa samaki kutoka Panyimur anamwona mzee kwa mbali, anageuza baiskeli na kurudi alikotoka. Kijana anaona. Hapo mzee asiseme neno. Kijana mwenyewe ndiye atafute sababu ya kumtetea: labda mama yule amesahau kitu, labda ana deni sokoni. Mwanafunzi aliyemtetea mlezi wake kwa kinywa chake ataumia mara mbili ukweli ukitoka.

Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye miswada ni kudhani nyayo ni "macho yake yaliwaka kwa namna ya ajabu" au mzee kunyamaza akitazama upeo wa macho. Hizo ni kengele, na zikilia mara mbili kila mtu ameshaamka. Nyayo nzuri ni tendo dogo lenye maelezo mengine ya kawaida kabisa. Katika kitabu cha kwanza cha Harry Potter, cha mwaka 1997, Harry anamuuliza Dumbledore, mkuu wa shule yake ya uchawi, anaona nini kwenye kioo kinachoonyesha tamanio la moyo. Mzee anajibu kuwa anajiona ameshika soksi nene za sufu. Tunacheka. Harry mwenyewe, akiwa kitandani, anawaza kwamba huenda hakuambiwa kweli, na mambo yanaishia hapo. Kitabu cha 7, cha mwaka 2007, kinapofungua msiba wa dada yake Dumbledore, soksi zile hazichekeshi tena. Miaka 10 zimelala pale.

Angalia pia nani anasimulia. Ukiwa na sura hata moja iliyo ndani ya kichwa cha mzee, umejifunga. Mtu aliyekausha kisima hawezi kuketi kando ya kisima kurasa tatu bila kukifikiria, na ukimfanya asikifikirie unamdanganya msomaji kwa hila ya bei rahisi. Ama ziondoe sura hizo, ama mpe msomaji siri mapema na umfiche kijana peke yake.

Sasa wakati. Itoe siri sura ya 20 uilete ya 15, yaani kwenye maneno kama 31,500, robo tatu ya safari. Zile sura tano zinazobaki ndizo riwaya yenyewe. Fanya kijana awe bado hajafunzwa hatua ya mwisho ya kuita mvua, na anayeijua ni yule yule. Itambidi arudi aketi mkekani mbele ya mtu aliyewaua wa kwao kwa kiu, amwambie, "Endelea, Mzee." Tukio hilo kwa sasa huna, na ndilo ambalo sisi tungenunulia kitabu.

Na mpe mzee sababu anayoweza kuitamka bila kuinamisha uso. "Zamani alikuwa mwovu" si sababu. Pengine maji yalikuwa ya kutosha kijiji kimoja tu, akakausha ya juu ili ya bonde yajae, na bondeni walikuwa wengi zaidi. Hesabu yake iwe sahihi. Ikiwa sahihi ndipo inapotisha.

Usiogope kurudi nyuma kupanda vitu hivi. Rasimu ya kwanza ya filamu ya pili ya Star Wars, ya mwaka 1978, ilimleta baba wa Luke kama mzuka, mtu tofauti kabisa na Vader. Wazo kwamba ni mtu mmoja lilikuja filamu ya kwanza ikiwa imeshaonyeshwa duniani kote, haigusiki tena. Wewe muswada uko mezani kwako.

Ukimaliza, wape sura ya 1 hadi ya 14 wasomaji watatu wapya, usiwarudie wale wanne. Uliza swali moja tu: "Mzee ni mtu wa namna gani?" Neno *siri* lisitoke kinywani mwako. Wote watatu wakimshuku, mpunguze mchuuzi hadi mistari miwili. Asiposhuku hata mmoja, kirudishe kibuyu sura ya 10. Mmoja akisitasita, acha kalamu chini.

Darasani: alikuwa mbaya au mzuri?

*Ndugu wahariri, nafundisha fasihi kidato cha pili. Tukifika kwa walezi wa aina hii darasa linagawanyika: nusu "mbaya", nusu "mzuri", kelele mpaka kengele. Naomba njia. — Mwalimu, Jinja*

Mwalimu, yapige marufuku maneno hayo mawili kwa dakika 20 za kwanza. Chora ubaoni safu tatu: *alichotoa*, *alichopata*, *aliyelipa*. Wanafunzi wajaze kwa matendo yaliyomo kitabuni tu, na kila jambo liwe na namba ya ukurasa. Hisia zisiandikwe.

Akata Witch ya Nnedi Okorafor, iliyotoka mwaka 2011 na hadithi yake iko Nigeria, inafaa umri huo. Wakubwa wa jamii ya wachawi wanawafunza watoto wanne, kisha wanawatuma wamkabili muuaji wa watoto. Safu ya kwanza itajaa haraka: elimu, nidhamu, visu vya juju, urafiki. Safu ya tatu nayo haina ugumu. Darasa litakwama kwenye ya pili, wakubwa walipata nini, na hapo usiwasaidie upesi. Kuna atakayesema, "Hawakwenda wao." Akishasema hivyo kipindi kimefika pake. Dakika 20 zilizobaki ruhusu maneno yote, utaona yanatumika kwa uangalifu zaidi.

Njia hii hukwama mwalimu anapoanza na mhusika aliye na kosa moja kubwa mno, mauaji kwa mfano. Safu nyingine hazionekani tena. Anza na aliyeficha jambo.

Ndevu nyeupe zimenichosha

*Hadithi yangu iko kwenye mji unaoelea angani, miaka 300 ijayo. Sitaki mchawi wa fimbo na ndevu. Nataka mlezi wa kwetu. Nianzie wapi? — Msomaji wa kike, Nakawa*

Dada, una ssenga, unatafuta nini tena? Shangazi wa upande wa baba, ambaye kwa Waganda wa Buganda ndiye mwenye kazi ya kumfunda binti, na siku ya kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ndiye anayemtambulisha bwana mbele ya ukoo. Kungwi wa pwani anafanana naye kwa kazi ya kufunda, lakini ssenga ana kitu cha ziada kinachokufaa: ni damu ya ukoo ule ule wenye maslahi katika ndoa. Anamfunza binti kwa ajili ya binti, na wakati huo huo anautumikia ukoo. Huhitaji kumtia uovu wowote, na tayari mikono yake inavuta pande mbili.

Mpeleke angani. Tuseme kila ndoa inauongezea ukoo mgawo wa hewa. Ssenga anamfunza binti kushona vazi la kutokea nje ya ukuta, mshono kwa mshono: sindano iingie kwa mshazari, uzi upitishwe mara mbili kwenye kwapa na kwenye goti kwa sababu ndipo panapokunjwa na ndipo hewa hutorokea. Mafunzo hayo yatamwokoa. Wakati huo huo ssenga ameshamjibu bwana ambaye binti hajamwona, na watoto wa kaka yake wameanza kupumua vizuri. Usimfanye mlafi. Watoto wale wafanye wakohoe kabla, usiku, chumba cha pili, binti akisikia.

Ukitaka wa kiume, soma upya kisa cha Kintu na Nambi, hadithi ya Buganda ya mtu wa kwanza na mkewe, na safari hii mfuate Ggulu, babake Nambi. Anampa Kintu mitihani mizito, anaridhika, anamtoa binti yake, na anawashauri waondoke mapema wala wasirudi nyuma, Walumbe asije akawafuata. Ushauri ni mzuri. Lakini Walumbe, Kifo mwenyewe, ni mwanawe. Mzee anajua hatari, anaitaja kwa jina, na bado anawaambia wanaoondoka wafanye haraka badala ya kumzuia aliye nyumbani mwake. Mtama wa kuku ukasahaulika, wakarudi, na Walumbe akawafuata. Lawama zote tumezoea kuwabebesha waliorudi. Mwandishi mwenye jicho angemuuliza baba maswali mawili matatu.

Kuna na mlezi anayekataa. Katika Who Fears Death ya huyo huyo Okorafor, ya mwaka 2010, mchawi Aro anamfukuza Onyesonwu mara kadhaa kwa sababu ni mwanamke, na yeye ndiye mwenye elimu anayoihitaji. Ukimtumia wa namna hii, kipimo ni kimoja: siku atakapokubali, iwe kumemgharimu yeye kitu. Akilainika tu kwa machozi ya binti, umepoteza sura zote za nyuma.

Halafu lugha. Walezi wengi wa hadithi zetu huongea methali tupu, na ndiyo maana wanafanana. Mpe methali moja kwa sura, na umpe kwa kazi maalum: kufunga swali. Binti akiuliza kuhusu mgawo wa hewa, ssenga ajibu "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akiuliza kuhusu sindano, amjibu kwa maneno ya kawaida, marefu, yenye vipimo. Baada ya sura nne msomaji atakuwa amejifunza, bila kuambiwa, kwamba methali ikitoka kuna mlango umefungwa. Fanya vivyo hivyo na majina ya kuitana: *mwanangu* wakati wa kufunza, *wewe* siku ya hasira. Na siku ssenga atakapomwita binti kwa jina lake la ukoo, jina kamili, ajue ameshauzwa.

Mlezi akiwa mashine

*Je, kompyuta inaweza kuwa mlezi mwenye utata, au utata ni wa mwenye damu? — Fundi wa simu, Busia*

Inaweza, ila siri usiiweke moyoni mwake, iweke kwenye agizo alilopewa na aliyemuunda. Mashine inayoona aibu ni binadamu aliyevaa bati. Tazama Foundation ya Isaac Asimov, kitabu cha mwaka 1951. Hari Seldon anawapeleka wataalamu kwenye sayari ya pembeni kuandika kamusi elezo kubwa. Miaka 50 baadaye, yeye ameshakufa, picha yake iliyorekodiwa inawatokea na kuwaambia kamusi ile ilikuwa geresha tu ya kuwafikisha pale walipo, mahali wasipo na njia ila moja. Mlezi yule ni rekodi, haiwezi kujibu swali hata moja. Ukali wote umo humo. Mashine yako ikijibu kila inachoulizwa, ipunguzie maneno.

Lazima afe?

*Mbona wazee hawa wote hufa? — Msomaji, Bombo*

Kwa sababu mwandishi anataka shujaa abaki peke yake, na kifo ni njia ya mkato. Kwa mlezi mwema si neno. Kwa mwenye siri, fikiri kwanza nani atajibu. Dumbledore anakufa katika kitabu cha 6, cha mwaka 2005, na siri zake nyingi zinatoka katika cha 7. Harry ana hasira na hana wa kumfokea, na mwandishi aliipanga hasira hiyo ichukue kitabu karibu kizima. Kama huna kurasa hizo, mwache mzee hai sura mbili baada ya kufichuliwa, na umpe kazi ya mikono mbele ya shujaa, kupukuchua mahindi, kufunga jeraha, ili waweze kuongea bila kutazamana.